Nyanya Moja, Macho Mawili

Kamwene, mama zangu na dada zangu wa Igowole. Mama mwenyekiti ameniwekea kiti hapa mbele, namshukuru, lakini nitasimama. Mnaonijua mnajua kukaa kulinishinda tangu utoto, na huu ugonjwa ulipokuja ulinikuta tayari sina utulivu. Nikizungukazunguka msinishangae. Na hiki nilichokifunga kwenye leso nitakifungua mwishoni, kwa hiyo msikikodolee macho. Kukodoa macho hapa ni kazi yangu mimi.

Nilikaribia kupofuka na sikujua. Hilo ndilo nililokuja kusema. Nilikuwa naamka, napika, nachambua nyanya, nagombana na watu, na huku jicho langu moja linakufa taratibu kama vile halinihusu.

Nilizaliwa hapahapa, nyumba ya tatu kutoka kisimani. Nikaolewa Ruaha Mbuyuni, nikashuka kutoka kwenye baridi yenu nikaingia kwenye joto la nyanya na vitunguu. Mume wangu, Baba Yusta, analima. Mimi nachambua. Wengine mnadhani kuchambua nyanya ni kutupa zilizooza, basi ngoja niwaeleze. Nyanya iliyoanza tu kugeuka, yenye wekundu kidogo kwenye kitako, hiyo inapanda lori kwenda Dar, itamalizia kuiva njiani. Iliyofika nusu inakwenda Iringa. Iliyoiva yote inabaki palepale, wasafiri wanainunua barabarani siku hiyohiyo. Ukikosea ukaweka zilizoiva chini ya tenga, zinapasuka, zinalowesha wenzao, na tenga zima linafika limekuwa mchuzi.

Mimi nilikuwa sikosei. Sijisifu, au basi najisifu. Mnunuzi wetu mkubwa, Bwana Kihwele, akifika alikuwa anauliza neno moja tu: "Amechambua Mama Yusta?" Akiambiwa ndiyo, anapakia bila kufunua tenga hata moja. Mimi sikuwa na shamba la jina langu wala cheti cha shule. Nilichokuwa nacho ni haya macho.

Ilianza na moyo. Nimekaa tu, moyo unakwenda mbio kama nimepanda mlima Kitonga kwa miguu. Mikono ikawa inatetemeka, nikishika kikombe kinagonga sahani yake. Nilikula sana, ugali wa watu wawili, na bado sketi zikawa zinanivuka. Jasho usiseme. Lakini Ruaha Mbuyuni nani hatoki jasho? Na hasira! Kuku akipita mbele yangu namtukana. Baba Yusta akakohoa, namwambia kakohoe kwa mama yako. Maskini, alikuwa akikohoa sigara zake tu.

Nikaja huku kumsalimia mama, mwezi wa sita. Nyote mmejifunga mablanketi, mmeuzunguka moto, mimi nimevua sweta nimekaa mlangoni napepea. Mama akanitazama, akanishika shingo hapa chini.

"Una rovu," akasema. "Kama bibi yako."

Wakubwa mliopo hapa mnakumbuka, zamani kwenye milima hii rovu lilikuwa kwenye kila ukoo, kwa kukosa madini joto. Bibi yangu lilimning'inia kama mfuko. Kisha ikaja chumvi yenye madini joto, watu wakapona. Kwa hiyo mama alijua dawa. Akaniwekea chumvi kwenye uji, kwenye chai, akanifungia na pakiti mbili za kuondoka nazo. "Lamba asubuhi na jioni, rovu litarudi ndani." Nami nikalamba. Miezi miwili nalamba chumvi kama ng'ombe wa Usangu. Mama yangu yupo pale, ameinamisha uso. Mama, inua uso. Ulinipenda kwa ulichokijua.

Halafu yakaja macho. Kwanza ni mchanga. Unajua ukipita kwenye vumbi, halafu mchanga hautoki? Nilikuwa naosha, hautoki. Machozi yanamwagika, na weupe wa jicho umeiva. Kila aliyeniona akasema vitunguu. Mimi mwenyewe nilisema vitunguu. Sisi tunaolala na magunia ya vitunguu chumbani, jicho likitoa machozi hatuendi hospitali, tunakwenda kukaa nje. Nikakaa nje. Nikaenda duka la dawa, nikapewa matone, nikatia, nikamaliza chupa tatu.

Mama mkwe wangu ndiye aliyeniumiza zaidi. Nilimpelekea uji, nikapiga magoti kama ilivyo heshima, nikainamisha macho. Nilijua nimeyainamisha. Yeye akaweka kikombe chini.

"Mama Yusta, nimekukosea nini hata unitolee macho namna hiyo?"

"Sijakutolea macho, mama."

"Unaendelea."

Nikatoka nikaenda kulia nyuma ya choo. Kope za juu zilikuwa zimepanda, mama zangu, hazishuki. Weupe ulionekana juu ya mboni muda wote, kama mtu aliyemwona nyoka. Nikifurahi, naonekana nimeshtuka. Nikisali, naonekana nimemkasirikia mchungaji. Na jicho la kulia likaanza kutoka nje kuliko la kushoto. Mwanangu Yusta, wakati huo yuko darasa la kwanza, nilijilaza mchana mkekani akaja akanigusa uso.

"Mama, funga macho ulale."

"Nimefunga."

"Hujafunga. Jicho linaniangalia."

Watu wakaanza kunong'ona. Mtu akikonda hivi, na mkoa wetu huu, mnajua wanasema nini. Sikuwasubiri. Nilikwenda zahanati mwenyewe, nikapima, majibu yakatoka sina virusi. Nikarudi nimeshika kile kikaratasi juu kama bendera. Na hapo nikafanya kosa, kwa sababu nilijiambia: kama si ule, basi sina ugonjwa. Nikapoteza miezi mingine mitatu.

Katika miezi hiyo vitu vikawa viwili. Lori moja likija barabarani, mimi naona mawili, moja limempanda mwenzake kidogo. Nilimimina chai nje ya kikombe, juu ya paja la Baba Yusta, na kelele alizopiga mlizisikia huku. Nilikanyaga ngazi isiyokuwepo nikaanguka na ndoo. Kutazama juu kuliuma, kama kuna kamba ndani inavuta jicho. Kichwa kinagonga. Nikagundua ujanja: nikifumba jicho moja, kitu kinakuwa kimoja. Basi, nikafanya ujanja wa kwetu. Nikachukua kitambaa nikafunga jicho la kulia, lile lililotoka, linalouma, baya. Nikabaki na la kushoto, lililokaa vizuri mahali pake. Ungekuwa wewe ungefunga lipi? Nikarudi kwenye nyanya.

Wiki nzima nilichambua hivyo. Niliziona zimechelewa mwaka huo, zimefifia tu, hazishiki rangi. Nikawaambia wenzangu, "Jua halijaziivisha hizi," wakanitazama wakanyamaza. Walikuwa wananiogopa, kwa ule mdomo. Nikajaza matenga ya Dar. Bwana Kihwele akauliza swali lake, akaambiwa ni Mama Yusta, akapakia.

Kesho yake akapiga simu.

"Mama Yusta, umenifanyia nini?"

"Nimekufanyia nini?"

"Lori zima ni supu. Umenipakilia zilizoiva!"

"Zilizoiva zako wewe! Mwambie dereva wako aache kulala njiani."

"Mama, nilifungua mwenyewe. Nyekundu tupu, mpaka chini kabisa."

Nikamtukana, nikakata simu. Kisha nikatoka hadi kwenye rundo. Nikaokota nyanya moja. Nikaitazama. Imefifia, rangi ya kahawia, kama kitenge kilichofuliwa miaka kumi. Nikasema, si hii hapa, haijaiva! Nikang'oa kitambaa kwa hasira, na kwa sababu mkono ulitetemeka, kikashukia jicho la kushoto.

Nyanya ikawa nyekundu.

Nikahamishia kitambaa kulia. Kahawia. Nikahamishia kushoto. Nyekundu. Kulia, kushoto, kulia. Nyanya ni ileile, imeiva mpaka inataka kupasuka mkononi mwangu. Jicho zuri, lile nililoliamini, ndilo lililokuwa linaniibia. Nikakaa chini kwenye udongo. Mimi, nikakaa. Baba Yusta anasema ndipo alipojua mambo ni makubwa.

Asubuhi tulikuwa Iringa mjini. Daktari wa macho hakuanza na mashine. Alichukua kifuniko chekundu cha chupa akanionyesha jicho moja moja, nikataka kucheka na kulia pamoja. Nikamwambia, "Daktari, hilo nimeshalifanya kwa nyanya." Akashusha mkono.

"Umelifanya lini?"

"Jana."

"Na mpaka jana ulikuwa unaona hivi kwa muda gani?"

Sikujua. Akanishika shingo, akanishika mapigo, akanitoa damu. Kisha akaniambia polepole, nami namkatiza, naye anarudia. Tezi ya shingoni ilikuwa inafanya kazi kupita kiasi. Halikuwa rovu la bibi la kukosa madini joto, na kuongeza chumvi hakukunisaidia, huenda kulinichochea zaidi. Kinga ya mwili wangu ilikuwa imegeuka inapigana na tezi, na haohao askari wa kinga wakaingia nyuma ya macho. Nyama na mafuta ya huko nyuma vikavimba.

"Jicho limezungukwa na mfupa," akasema. "Nyama ikivimba haina pa kwenda. Jicho la kulia limesukumwa nje, limejipatia nafasi. La kushoto halikutoka. Limebaki ndani, na mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo unabanwa. Rangi nyekundu ndiyo inayoanza kuondoka."

Mimi nikamwelewa kuliko alivyotegemea. Ni tenga lililojazwa kupita kiasi. Zinazomwagika juu zinapona. Zinazopasuka ni za chini, usizoziona.

"Nitapofuka?"

"Ukienda Mbeya leo, tuna nafasi. Ukienda wiki ijayo, siwezi kukuahidi." Akaandika barua ya rufaa huku amesimama. Nilimpenda kwa kuwa hakukaa.

Dada yangu Tabea anaishi Mbeya, anauza mitumba Mwanjelwa. Akatupokea. Hospitali walinipima sukari na presha, wakanianzishia vidonge vya kutuliza tezi na vingine vya mapigo ya moyo, na wakaniwekea dripu ya dawa kali ya kushusha uvimbe. Siku tatu mfululizo. Baada ya hapo nilikuwa narudi kwa dripu kila wiki. Ile dawa, mama zangu, iliniacha na uso wa mviringo kama mwezi na njaa ya fisi, na mdomo ulikuwa na ladha ya misumari. Wakanipa machozi ya chupa ya kutia mchana na mafuta ya kupaka wakati wa kulala, nilale nimeinua kichwa, kope nimezibandika kwa plasta ya karatasi. Daktari wa Mbeya, mwanamke, mpole lakini hapindishi, akasema uvimbe usiposhuka itabidi niende Dar kupasuliwa, wapunguze mfupa jicho lipate nafasi. Kisha akauliza nani anavuta sigara nyumbani.

Baba Yusta akatazama viatu vyake.

"Moshi wa sigara unayaua macho yenye ugonjwa huu," daktari akasema. "Sitanii."

Baba Yusta akatoa pakiti mfukoni akaitupa kwenye pipa la wodi. Sitawadanganya, alirudia mara mbili, nikamnusa. Ya tatu aliacha. Miaka yote ya ndoa yetu, mibaya na mizuri, nikiipima, nitaanzia kwenye lile pipa.

Kusubiri ndiko kulikotaka kuniua. Kati ya dripu na dripu niko kwenye kibanda cha Tabea, nguo zimerundikwa mpaka juu, watu wanapita, bodaboda zinapiga honi, mimi siwezi kusoma, siwezi kushona, siwezi kutulia. Nilichagua sweta moja jekundu kwenye rundo, nikalitundika. Kila asubuhi nafumba la kulia, nalitazama kwa la kushoto. Kahawia. Kesho yake, kahawia. Nikamuuliza Tabea, "Hili ni jekundu kweli?"

"Limepauka lenyewe," akasema. "Mitumba hii, unafikiri nini."

Akageuka kupanga suruali zilizokwisha kupangwa. Siku iliyofuata nikarudi kutoka hospitali, sweta halipo. Akasema amepata mteja. Hakuna mteja anayenunua sweta la mtoto lenye tundu. Alilificha, mama zangu, asinione nalitazama. Nikagombana naye, nikamwambia nataka kujua, hata kama ni giza nataka kulijua. Tukalia wote wawili katikati ya suruali za watu.

Hapo hospitali kwenye benchi kulikuwa na bibi mmoja wa Kinyakyusa, amekuja kwa mtoto wa jicho. Aliniona natingisha mguu, nasimama, nakaa. Akanishika goti. "Mwanangu, unamtafuta nani?" Nikamwambia nautafuta wekundu. Hakunicheka. Akasema, "Basi utafute, mimi nakaa hapa kwa ajili yako." Na akakaa. Alipoitwa ndani nilimwambia ndaga, yaani asante, neno pekee la kwao ninalolijua.

Ilikuwa wiki ya nne, au ya tano. Natoka hospitali, nimepitia sokoni Mwanjelwa kumnunulia Tabea mboga. Jicho la kulia nimelifunga, kwa sababu ya ule uwili. Kuna mama amepanga nyanya mafungu. Nikasimama. Nikasema kwa sauti, bila kufikiri:

"Dada, umechanganya. Hizi tatu zimeiva sana, hizi bado. Unamwibia mteja."

Akanijia juu. "Unanunua au unakagua? Na hayo macho yako!"

"Hii imeiva! Na hii! Na hii hapa pembeni inageuka tu, angalia kitako!"

"Mama, nenda zako!"

Nikashika shavu, nikakuta kitambaa kiko kulia. Nilikuwa natazama kwa la kushoto. Wekundu haukuwa wote, ulikuwa kama mtu anayeongea chumba cha pili, lakini ulikuwepo. Nilinunua fungu lote. Nikamkumbatia yule mama, akadhani nataka kupigana. Nikapita barabara nzima mpaka kwa Tabea nimeinua nyanya, yeye akaniona kwa mbali akaangusha nguo zote mkononi.

Sasa nisiwadanganye kwamba kila kitu kimerudi. Nikitazama juu, mnakuwa wawili wawili hapa, na kwaya ya kanisa hili inanipendeza hivyo, inaonekana ina watu. Macho bado ni makubwa. Vidonge vya tezi nameza, damu napima wanaponiambia. Miwani yangu hii ina kioo maalumu kinachosogeza picha zikutane. Mama mkwe alikuja mwenyewe na kuku akaniambia, "Nilikuonea." Nikamjibu, "Na mimi ningejiona, ningekimbia." Bwana Kihwele nilimpigia kumwomba radhi. Akasema, "Rudi. Tangu uondoke nafunua kila tenga, mgongo umeniisha." Nimerudi. Wenzangu nimewaambia siku nikikosea waniambie usoni, hata nikiwatukana.

Namshukuru Mungu. Nawashukuru madaktari ambao hawakunicheka na nyanya yangu, Tabea kwa uongo wake, Baba Yusta kwa pipa lile, na mama kwa kuishika shingo yangu. Aliigusa sehemu yenyewe, dawa tu ndiyo haikuwa yake. Wewe ambaye moyo unakimbia, unakonda huku unakula, macho yanawaka, usiseme vitunguu. Usiseme rovu la ukoo. Kapime tezi. Na wenye waume wa sigara, mmesikia.

Haya, leso. Ni nyanya, mlitegemea nini? Imeiva, mimi ndiye nimeichagua. Kila asubuhi kabla ya kazi naishika moja hivi, kisha naila na chumvi, kidogo tu, mama asinitazame. Sasa fanyeni wote. Funikeni jicho la kulia kwa kiganja, msilibonyeze. Itazameni. Sasa hamishieni kushoto. Itazameni tena. Wekundu ni uleule? Mliouona uleule, shusheni mikono, mshukuru Mungu.

Wewe mama wa kitenge cha njano, benchi la tatu. Mbona umebaki umefunika? Rudia. Tena. Hapana, usishushe mkono, usione aibu, hakuna anayecheka hapa. Inaweza kuwa mtoto wa jicho tu, inaweza kuwa si kitu, mimi ni mchambua nyanya, si daktari. Lakini kesho kuna basi la asubuhi la kwenda Iringa, na utapanda na mimi. Chukua hii nyanya uishike. Ukiingia mle ndani nitakaa kwenye benchi kukusubiri, nitakaa mpaka utoke.